Lori la dizeli linalozimika na kuwaka tena: tafuta chanzo kabla ya kununua spea

Lori limepakia maharage. Dakika arobaini baada ya kuondoka linaanza kukosa nguvu, linakohoa, linazimika. Dereva anapiga stata, haliwaki. Baada ya robo saa linawaka kama halikuwa na shida yoyote, na likifikishwa gereji linaunguruma vizuri kabisa. Fundi anasikiliza, kisha anasema moja kati ya mambo mawili: "hili halina kitu", au "ni pampu". Hapo ndipo pesa inapoanza kupotea.

Makala hii ni kwa wenye malori, madereva, matanboi na mafundi wanaofanya kazi kati ya makazi ya Nakivale na mji wa Mbarara, wakimbizi kwa wenyeji. Itakufaa pia ukiwa kwingine ambako hali inafanana: barabara ya vumbi, mzigo mzito, Fuso au Isuzu lililokuja kutoka Japani likiwa limeshatumika, na dizeli inayouzwa kwenye jerikeni. Ubovu unaokuja na kuondoka hauponi kwa kubadilisha spea moja baada ya nyingine. Unapatikana kwa kujua unakuja lini, halafu kuanza kupima pale ambapo ni rahisi na ambapo mara nyingi ndipo penye shida: tangi na mabomba yake. Pampu kubwa ya dizeli iwe ya mwisho.

Likizimika barabarani

Injini ikizimika, stelingi inakuwa nzito na kompresa haijazi tena upepo wa breki. Upepo uliobaki kwenye mitungi unatosha kusimama, lakini kila ukikanyaga breki unapungua. Kwa hiyo kanyaga mara moja kwa nguvu ya kutosha, usipigepige. Usiweke gia huru mteremkoni ukitumaini litawaka likiwa linateremka. Simamisha, funga breki ya maegesho, weka mawe au magogo nyuma na mbele ya matairi, weka viakisi mbali kidogo na lori. Waliokaa juu ya mzigo washuke na wakae pembeni ya barabara, wasikae nyuma ya lori. Kabla ya kuingia chini ya kebini iliyoinuliwa, hakikisha chuma cha kuizuia kimejifunga.

Andika kabla hujafungua spana

Daftari la shilingi chache linaweza kukuokolea bei ya pampu. Kila linapozimika, dereva aandike: limetembea muda gani tangu kuwashwa, tangi lina mafuta kiasi gani, lilikuwa mlimani au tambarare, lina mzigo au tupu, jua kali au mvua, moshi ulikuwa wa rangi gani, na lilichukua muda gani kabla ya kuwaka tena. Andika pia lilivyozimika. Hilo ndilo muhimu kuliko yote.

Kuna kuzimika kwa ghafla, kama mtu amezungusha ufunguo: sekunde hii lina nguvu, sekunde inayofuata kimya, bila kukohoa. Hapo shuku umeme kwanza. Na kuna kuzimika kwa kufifia: nguvu zinapungua, mzunguko wa injini unapanda na kushuka, linakohoa, mwishowe linakufa. Hapo shuku mafuta. Kanuni hii si ya asilimia mia, lakini inakuambia uanzie upande gani.

Kwenye Nakivale dereva anaweza kuwa Mkongomani, mwenye lori Mrundi na fundi Mnyankole. Neno "linazima" kila mtu analielewa kivyake. Mmoja anamaanisha injini imekufa, mwingine anamaanisha lori limekosa nguvu lakini bado linatembea. Ulizaneni mpaka mkubaliane, kwa sababu hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Jambo lingine la kutazama ni moshi wakati wa kupiga stata. Kama stata inazungusha injini vizuri na hakuna moshi wowote kwenye ekzosi, dizeli haifiki kwenye mitungi ya injini. Kama kuna moshi mweupe lakini haliwaki, dizeli inafika ila haiungui. Mtu mmoja apige stata, mwingine asimame nyuma aangalie.

Upande wa tangi

Kwenye malori mengi ya aina hii, kati ya tangi na pampu ndogo ya kuvuta mafuta, dizeli haisukumwi, inanyonywa. Ndiyo maana ufa mdogo upande huu haumwagi mafuta injini ikiwa inafanya kazi. Unaingiza hewa. Mafundi wengi hutafuta penye unyevu, hawaoni kitu, wanasema mabomba ni mazima. Lori likilala usiku unaweza kuona kiungo kimelowa, na asubuhi likasumbua kuwaka mpaka utoe upepo kwa pampu ya mkono. Ukiona hivyo, usiende mbali. Kuna mahali panapovuta hewa.

Mahali penyewe mara nyingi ni mpira uliozeeka na kupasuka chini ya kibano, washa za shaba zilizotumika mara nyingi mpaka zimekuwa ngumu, oringi ya filta iliyokaa vibaya, au nyumba ya filta yenye ufa. Washa ya shaba ni kitu cha bei ndogo sana. Kila ukifungua bolti ya bomba la mafuta, weka mpya.

Kisha kuna tundu la kupumulia la tangi. Dizeli inapotoka lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Tope na vumbi vikiziba tundu hilo, tangi linaanza kunyonya lenyewe, na pampu ndogo inashindwa kuvuta. Injini inafifia baada ya muda fulani wa safari, linazimika, hewa inapenya polepole, linawaka tena. Kipimo chake hakihitaji chombo: likizimika, fungua kifuniko cha tangi haraka na usikilize. Ukisikia sauti ya hewa ikivutwa kuingia ndani, na lori likawaka mara moja, umepata. Safisha tundu au badilisha kifuniko. Usizoee kutembea na kifuniko kilicholegea, maana vumbi na maji ya mvua vitaingia na utakuwa umebadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine.

Takataka ndani ya tangi hufanya mchezo unaofanana na huo. Jani, kipande cha kaveera au kitambaa huelea humo, kikavutwa kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea na kuuziba. Injini ikizimika mvuto unakwisha, takataka inaachia, lori linawaka. Ukipuliza hewa kurudisha kwenye tangi na lori likatembea vizuri kwa siku moja au mbili kisha likarudia, takataka bado imo. Tangi lishushwe, limwagwe, lioshwe. Usivute dizeli kwa mdomo. Tone likiingia kwenye mapafu linaweza kukulaza hospitali. Tumia pampu ya mkono.

Dalili moja huwachanganya wengi. Lori linatembea vizuri tangi likiwa limejaa, linasumbua likifika nusu, linapona ukijaza. Watu husema ni dizeli ya kituo fulani. Mara nyingi ni bomba la kunyonyea lililotoboka au kupasuka ndani ya tangi: mafuta yakiwa juu ya tundu linavuta dizeli, yakishuka chini yake linavuta hewa. Kama daftari lako linaonyesha kwamba shida inakuja tangi likiwa chini ya kiwango kile kile kila mara, toa bomba hilo ulitazame kabla ya kitu kingine.

Na usisahau chujio dogo la wavu. Kwenye pampu nyingi za Kijapani za mtindo wa zamani limejificha ndani ya bolti inayoshikilia bomba linaloingia pampu ndogo. Nimeona filta kubwa zikibadilishwa mara tatu mfululizo na hicho kiwavu hakijaguswa. Kifungue, kioshe kwa dizeli safi, kirudishe na washa mpya.

Kuhusu dizeli ya jerikeni: jaza chupa safi ya kuona ndani, iache itulie saa kadhaa. Maji na tope hukaa chini, na utaona mstari. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huoni kwa chupa, lakini pampu na nozeli huumia kwa sababu mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli. Ukilazimika kununua barabarani, chuja kwa wavu mwembamba, na kila asubuhi fungua koki ya chini ya kitenganisha maji, kama lori lako linacho, kabla ya kuwasha.

Jaribio la jerikeni

Hili ndilo jaribio ninaloliamini kuliko mengine, na halihitaji kompyuta. Chukua jerikeni safi, ijaze dizeli safi iliyochujwa, ifunge imara nje ya kebini, mbali na ekzosi na mbali na mikanda na feni. Weka mpira mpya kutoka kwenye jerikeni hiyo moja kwa moja hadi mahali pa kuingilia pampu ndogo, ukiruka tangi na mabomba yake yote. Toa upepo. Bomba la kurudisha liache lirudi kwenye tangi kama kawaida, ila kumbuka jerikeni itaisha haraka kuliko unavyotarajia, kwa hiyo iangalie isikauke. Mfuniko wa jerikeni uwe na tundu dogo la hewa, usije ukatengeneza upya ule ule ubovu wa tangi.

Sasa tembeza lori mpaka muda ambao kwa kawaida huzimika upite. Lisipozimika, ubovu uko kati ya tangi na pampu ndogo, na hakuna sababu ya kugusa pampu kubwa. Likizimika vile vile, upande wa tangi uko safi, na unasonga mbele: pampu ndogo, filta, valvu ya kurudisha mafuta iliyo ubavuni mwa pampu kubwa. Chemchemi ya valvu hiyo ikilegea, mgandamizo ndani ya pampu unashuka, na lori linakosa nguvu, hasa likiwa moto.

Unaweza pia kuweka kipande cha mpira unaoona ndani, unaostahimili dizeli, kabla ya pampu ndogo. Viputo vikipita mfululizo injini ikiwa inafanya kazi, kuna hewa inayoingia nyuma ya hapo. Usogeze mpira huo hatua kwa hatua kuelekea tangi mpaka viputo vikome, na umepita penye ufa.

Umeme: kuzimika kama kwa ufunguo

Lori la zamani lenye pampu ya mstari, kama Fuso zenye injini ya 6D16, halihitaji umeme mwingi ili kuendelea kuunguruma. Lakini lina kifaa cha kuzimia. Kwenye baadhi ya malori kifaa hicho ni solenoidi inayohitaji umeme wakati wote ili dizeli ipite, na waya ukikatika hata kidogo injini inakufa papo hapo. Kwenye mengine ni kinyume: umeme unahitajika kuzima tu. Jua lako ni la aina gani kabla ya kulaumu waya. Kama ni la aina ya kwanza, funga taa ndogo ya volti 24 kwenye waya wa solenoidi, ipitishe hadi dereva aione. Injini ikizimika na taa ikazimika pamoja nayo, tafuta fyuzi, rilei, swichi ya ufunguo au waya. Injini ikizimika na taa ikabaki inawaka, umeme unafika, na shida ni solenoidi yenyewe, waya wake wa bodi, au mafuta.

Nyaya za malori ya barabara ya vumbi hukatika kwa kusuguliwa. Fuata fungu la nyaya kutoka kebini hadi injini, hasa linapopinda kebini inapoinuliwa, linapopita karibu na ekzosi na linaposhikwa na vibano vya chuma. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, tikisa fungu hilo kidogo kidogo, gongagonga rilei kwa mpini wa bisibisi, tikisa ufunguo kwenye swichi. Injini ikishtuka, simama hapo hapo. Weka mikono na nguo mbali na feni.

Betri usiziruke. Ncha zilizoshika kutu nyeupe, na waya wa bodi uliolegea kati ya injini na chasisi, vinaleta maajabu ya kila aina, hasa kwenye malori yenye kompyuta. Weka mita kati ya ncha hasi ya betri na chuma cha injini, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya takriban nusu volti, waya wa bodi au viungo vyake ni vibovu. Kufungua, kupiga msasa na kukaza ni kazi ya nusu saa.

Injini zenye kompyuta

Isuzu zenye injini ya 4HK1 na Fuso za karibuni zina pampu ya mgandamizo mkubwa na sensa nyingi. Kila kilichosemwa juu ya tangi bado ni kweli, na uvumilivu wa injini hizi kwa hewa na uchafu ni mdogo kuliko wa zile za zamani. Lakini mkono wako lazima ubadilike. Kwenye pampu ya zamani fundi hulegeza nati ya nozeli injini ikiwa inafanya kazi ili ajue mtungi upi haufanyi kazi. Kwenye injini hizi usifanye hivyo kamwe. Mgandamizo wake unapita bar 1,000, na dizeli inayochomoka kwenye tundu dogo inapenya ngozi. Jeraha linaonekana dogo kama la sindano, na mkono unaweza kupotea. Likimpata mtu, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri, hata kama haumwi, na daktari aambiwe ni dizeli ya mgandamizo.

Kama injini inakosa nguvu ghafla lakini haizimiki, taa ya injini inawaka, na ukizima ufunguo na kuwasha tena nguvu zinarudi, basi kompyuta imejilinda. Soma kodi kabla ya kutoa waya wa betri, maana unaweza kufuta ushahidi wenyewe. Kodi haikuambii ubadilishe nini. Inakuambia upime wapi. Kodi ya mgandamizo mdogo wa mafuta, kwa mfano, inaweza kuletwa na filta iliyoziba au mpira unaovuta hewa, kabla ya pampu yenyewe.

Sensa ya krenkishafti ina tabia yake: inakufa ikiwa moto, inafufuka ikipoa. Tazama mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi. Ukianguka hadi sifuri wakati lori bado linasukuma injini kwa mwendo wake, au usiposogea kabisa wakati wa kupiga stata, pima sensa hiyo, plagi yake na waya wake.

Moshi mweusi

Lori linalokosa nguvu mlimani huku likitoa moshi mweusi halikosi dizeli, linakosa hewa. Angalia kichujio cha hewa, kisha mpira mkubwa wa kuingiza hewa. Tabaka la ndani la mpira wa zamani hubanduka na kuziba njia pale tu injini inapovuta kwa nguvu. Lori likisimama gereji, mpira unaonekana mzima.

Pampu kubwa, na makubaliano na fundi

Pampu kubwa huchakaa kweli. Dalili yake ni lori linalowaka vizuri likiwa baridi na kukataa kabisa likiwa moto, na jaribio la jerikeni halibadilishi kitu. Wapo wanaomwaga maji baridi juu ya pampu moto ili kuthibitisha. Unaweza kuikwamisha. Tumia kitambaa kilicholowa na usubiri. Ikithibitika, pampu ipelekwe kwenye mashine ya kupimia mjini, isifunguliwe juu ya gunia chini ya mti.

Kabla ya kumtuma mtu Kisekka, Kampala, kuleta spea ya mtumba, mwombe fundi akuonyeshe kipimo kilichomfanya aamue. Fundi mzuri hatachukia. Spea ya umeme iliyokwisha fungwa mara nyingi hairudishwi, kwa hiyo kubalianeni mapema nani atabeba hasara kama sicho. Spea ya zamani ibaki na mwenye lori. Na malipo ya mwisho yatolewe baada ya lori kupita njia ile ile, na mzigo ule ule, kwa muda mrefu kuliko ule lililokuwa likizimika, likiwa limeinuka zaidi ya mlima mmoja na tangi likiwa limeshuka chini ya nusu.